Uzi: Mtoto anakaribia miaka mitano, programu ipi ya foniksi nimnunulie? (Niko Mtwara mjini)

MamaKuruthumu
Habari za jioni wana jukwaa. Binti yangu anatimiza miaka 5 Februari, na Januari anaingia awali kwenye ingilishi midiamu moja hapa mjini. Wamenipa orodha ya mahitaji. Kati ya rimu, tishu na fagio la chelewa kuna kitu kimeandikwa "seti ya foniksi", 85,000/=. Nikauliza ni ya kampuni gani na ndani kuna nini, mhasibu akaniambia, "Mama, wewe lipia tu, utakuta kila kitu."

Rafiki yangu wa Dar anasema nitafute Jolly Phonics. Mwingine anasema Letterland. Mdogo wangu yuko chuo, anasema vitabu vimepitwa na wakati, niweke apu kwenye simu. Sokoni nimekuta chati ya ukutani yenye picha za tufaha na mpira, 3,000/= tu. Nyumbani tunaongea Kiswahili, bibi yake anamsemesha Kimakonde, na Kiingereza changu mimi ni cha kuombea maji. Bajeti isizidi laki moja na nusu. Mliopita njia hii, ninunue ipi?

Mzee_wa_Stakabadhi
85,000 kwa karatasi za a e i o u? Mkulima wa Tandahimba akisikia atalia. Sisi tumesoma kwa mkaa na ukuta wa jirani, na ukuta tukafutishwa.

Ming'okoYaMoto
Nimekaa paleee, nasubiri walimu waje.

TichaChikongola
Dada MamaKuruthumu, hujambo. Nimefundisha madarasa ya chini muda mrefu, serikalini kisha binafsi, kwa hiyo nitaandika kirefu. Mwenye haraka aruke.

Kabla ya kuchagua kampuni, chagua lugha. Foniksi maana yake mtoto anafundishwa herufi inaliaje, si inaitwaje, halafu anaunganisha milio kupata neno. M ni "mmm", si "em" na wala si "me". Sasa jiulize, anaunganisha ili apate nini? Apate neno ambalo sikio lake linalijua tayari. Akivuta m-a-b-i-b-o, akafika mwisho akacheka kwa sababu jana kayala mpaka kachafua gauni, hapo ameelewa kusoma ni nini. Akivuta p-i-n ya Kiingereza na hajawahi kusikia kitu hicho, kazi kaifanya ile ile ila malipo hajapata. Atakuangalia usoni akisubiri umwambie kama amepatia.

Na kwa hili Kiswahili kimetupendelea. Irabu 5, kila moja ina mlio mmoja popote utakapoikuta. Herufi 24 ukihesabu ch kama moja, ongeza jozi chache: dh, gh, kh, ny, sh, th na ng'. Basi, mtoto anaweza kutamka neno lolote utakalomwandikia. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti kama 44, na sauti moja inaweza kuandikwa kwa njia nne tano. Hiyo Jolly Phonics inafundisha sauti 42, na bado kuna maneno yasiyofuata kanuni ambayo mtoto anayakariri pembeni. Watoto wa Uingereza wenyewe, ambao lugha ni ya mama zao, inawachukua miaka.

Kwa hiyo jibu langu: programu ya kwanza iwe Kiswahili, na hiyo hununui. Kata maboksi ya biskuti upate kadi, nunua kalamu ya wino mzito na daftari moja. Usianze a, b, ch kwa mpangilio wa alfabeti. Anza irabu zote 5, zikikaa sawa leta m, k, l, t, b, s. Kwa herufi hizo tu una mama, kuku, meli, kiti, samaki, mabibo, hata Masasi. Ongeza n na w, anasoma Newala na Liwale. R na sh zikija, anasoma korosho. Baada ya hapo ndiyo mb, nd, mw, kw: embe, Lindi, Mikindani. Ng na ng' ziache nyuma, na zikifika usihangaike kutafuta mfano, ming'oko inauzwa kila kona. Jina la mji wetu nalo ni gumu kuliko linavyoonekana, ile m ya mwanzo inasimama peke yake halafu inafuata twa. Usimpe wiki ya kwanza eti kwa sababu ndipo anapoishi.

MamaKuruthumu
Mwalimu asante sana. Nimemjaribu sasa hivi hapa sebuleni. Nimemwandikia "mama". Kasema "em, ei, em, ei". Nikamuuliza ni neno gani hilo, akanijibu "ei bii sii dii". Alikuwa dei kea mwaka mzima na nilikuwa najisifu kwamba anazijua herufi zote.

TichaChikongola
Anazijua majina. Hajapotea, usimkaripie. Na sisi wa shule za Kiswahili tuna ugonjwa wetu huo huo, tulikaririshwa be, che, de, efu. "Me-a-me-a" nayo haizai mama.

Kuna na huu mtego mwingine, wa wimbo. Darasa zima linaimba ba be bi bo bu, mwalimu anapitisha fimbo kwenye chati, mzazi akipita dirishani anafurahi. Siku moja mwite mtoto pembeni, ziba chati kwa kiganja, mwonyeshe "bo" peke yake. Utamwona midomo inacheza: ba... be... bi... BO! Amehesabu toka mwanzo mpaka alipofika. Huyo hajui bo, anajua wimbo. Changanya kadi, leta bo, leta ki, leta su, bila mpangilio.

Fundi_wa_Mikindani
Mwalimu nakuheshimu ila hapa napinga. Mtoto anakwenda shule ya Kiingereza. Ukimpeleka kichwa kimejaa Kiswahili, wenzake watamwacha Januari hiyo hiyo. Wa kwangu alianza Jolly Phonics Dar akiwa na miaka minne, nyimbo na vitendo vya mikono, alipofika darasa la kwanza anasoma vitabu vya hadithi vya Kiingereza vizima. Kiswahili alijisomea mwenyewe baadaye bila kufundishwa na mtu. Kwa nini apitie njia mbili wakati moja inatosha?

TichaChikongola
Kaka, wala sikatai. Ile programu ni nzuri. Mpangilio wake una akili, unaanza na s, a, t, i, p, n kwa sababu herufi 6 hizo peke yake zinatoa maneno mengi mafupi, na kila sauti ina kitendo chake, watoto wanaipenda. Ila wa kwako alikuwa na mwalimu aliyefunzwa kuitumia. Mama Kuruthumu amesema Kiingereza chake cha kuombea maji, na ndiye atakayekaa na mtoto jioni. Midomo yetu ya Kibantu haipendi konsonanti iishie hewani, tunaibandikia irabu. S inakuwa "sa", t inakuwa "ta". Mtoto akiunganisha sa-a-ta, hata umpe mwezi mzima hatapata "sat", neno la Kiingereza la kuketi. Atapata saa.

Kwenye Kiswahili kosa hilo halina madhara makubwa, kwa sababu silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu. Kwenye Kiingereza linaua kazi yote.

La pili ni irabu kugongana. Mtoto aliyeambiwa i ni "ai" kabla hajasoma chochote, mpe neno kiti. Atasoma "kaiti". Mpe kima, atasema "kaima". Nimewasikia, na ni watoto wenye akili nzuri tu. Mmoja alisoma jina la babu yake Saidi mpaka babu mwenyewe akauliza huyo ni nani.

Sisemi Kiingereza asubiri mpaka darasa la nne. Hata kwenye mtaala mpya ulioanza 2024, shule za serikali zinafundisha Kiingereza kama somo kuanzia darasa la kwanza. Kiingereza cha masikio kianze leo hii: nyimbo, salamu, majina ya vitu, hadithi za kusomewa. Nazungumzia maandishi tu. Apate kwanza lugha moja ambamo herufi zinamtii.

Fundi_wa_Mikindani
Hilo la sa-a-ta nimelielewa. Ila shule haitamsubiri.

TichaChikongola
Haitamsubiri, ni kweli, na ndiyo maana nasema aanze sasa hivi, Novemba, asisubiri Januari.

KijanaWaKompyuta
Mimi naona mnasumbuka bure wakati hili lilishafanyiwa majaribio hapa hapa Tanzania. Kuna shindano lilikuwa linaitwa Global Learning XPRIZE. Kuanzia 2017 walipeleka tableti kwenye vijiji karibu 170 mkoani Tanga, kwa watoto ambao wengi hawakuwa wanakwenda shule, zikiwa na programu za Kiswahili za kujifunza kusoma, kuandika na hesabu. Hakuna mwalimu, mtoto na tableti tu. Mei 2019 wakatangazwa washindi wawili waliofungana, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10. Na masharti yalikuwa programu ziachwe wazi kwa yeyote kuzitumia. Sasa ya nini kununua karatasi?

Mzee_wa_Stakabadhi
Kijana, tableti hiyo ikikaa nyumba yenye watoto wanne, wa kwanza kuishika atakuwa baba, anaangalia Simba na Yanga.

BiMkubwaNachingwea
Wanangu, hamjambo. Mimi mwalimu mstaafu, niko Nachingwea, mjukuu ndiye ananiandikia.

Huyo kijana asipuuzwe, ile kazi ya Tanga ilikuwa ya maana. Ila wale watoto walikuwa na tableti isiyo na kitu kingine cha kuchezea. Simu yako wewe ina katuni, na mtoto anajua njia ya kwenda kwenye katuni kuliko wewe. Ukitaka kutumia apu, zima intaneti kwanza, kaa naye, dakika chache, kisha mwache aandike zile zile herufi kwa kidole mchangani. Na vipindi vya Akili and Me vya hapa kwetu, vya shirika la Ubongo, ni vizuri kwa kuzoesha masikio. Kuangalia tu peke yake hakumfanyi mtu asome, kama mimi nilivyoangalia mpira miaka yote na sijui kupiga.

Nimekuja hasa kusema jinsi ya kuikagua seti, maana mama ameulizia seti. Ukiifungua, usiangalie rangi. Chukua kitabu cha kwanza cha kusoma, fungua ukurasa wowote. Je, maneno yaliyomo yana herufi alizofundishwa mpaka hapo, au yamepachikwa tu kwa sababu picha ni nzuri? Kama amefundishwa a, i, m, k, t, na kitabu kinamwambia "ng'ombe anakunywa", mtoto hatasoma. Ataangalia picha, atakuambia "ng'ombe anakunywa maji", utampigia makofi. Ziba picha, aone aibu bure.

Na kipimo kingine cha bei ya chini. Uingereza tangu 2012 wana mtihani mdogo, mtoto wa miaka 5 au 6 anapewa maneno 40 ayasome kwa sauti. 20 ni maneno ya kweli, 20 ni ya kubuni, hayana maana yoyote duniani. Kwa nini? Kwa sababu neno la kubuni hujalikariri, lazima uunganishe sauti. Fanya hivyo nyumbani. Mwandikie tiloke, mokasu, fubeli, sanimo. Mwambie ni majina ya majini ya baharini, utaona anavyofurahi. Akiyasoma yote, programu yako inafanya kazi hata kama ni ya maboksi. Akishindwa na huku "mama" na "baba" anayasoma vizuri, basi anakariri umbo la neno.

Ming'okoYaMoto
Majini ya baharini 😂 bibi huyu apewe ulinzi.

MamaKuruthumu
Shikamoo bibi. Swali: binti yangu r na l zinamchanganya, "lula" na "rula" kwake ni kitu kimoja. Na mama mkwe ndiye anakaa naye mchana. Nimzuie kumsemesha Kimakonde?

BiMkubwaNachingwea
Marahaba mwanangu. Usithubutu. Mtoto mwenye hadithi nyingi kichwani ndiye anayesoma kwa kuelewa, lugha yoyote aliyosikia hadithi hizo. Acha bibi amwambie habari za sungura mpaka alale.

R na l zinasumbua huku kusini kote, hata wakubwa. Usizifundishe wiki moja. L ianze mapema, ikae, r ije baada ya herufi kadhaa nyingine. Akiandika "kalanga" kwa karanga, msome kama alivyoandika, asikie, kisha sema lako. Usimcheke. Na sauti ikikataa kutoka bado anaweza kuitambua kwa macho, mdomo utafuata.

Baba_Mapacha_Masasi
Nashukuru sana uzi huu. Vitabu vya Kiswahili vya kuanzia vinapatikana wapi? Huku Masasi duka la vitabu lina vya sekondari na Qaswida tu.

TichaChikongola
Fika kwanza shule ya msingi iliyo karibu, ongea vizuri na mwalimu wa darasa la kwanza. Mkoa wetu ulikuwa kwenye mradi wa Tusome Pamoja, pamoja na Ruvuma, Iringa, Morogoro na Zanzibar, na vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi viligawiwa. Kuna shule bado vimo kabatini, vingine hata havijachakaa (sisemi kwa nini). Vitabu vya kiada viko pia bure kwenye maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), unavisoma kwenye simu. Kwenye tovuti ya African Storybook nako kuna hadithi nyingi za Kiswahili, unachapa steshenari kurasa chache chache. Chagua zenye mstari mmoja kila ukurasa.

MamaKuruthumu
MREJESHO wa kwanza. Leo nimekwenda shuleni, sikwenda kwa mhasibu, nilimsubiri mwalimu wa awali wakati wa kutoka. Dada mdogo, mpole. Nikamwomba anionyeshe hiyo seti. Ndani kuna: daftari la kufuatisha vidoti, chati, kitabu cha picha cha A mpaka Z, na CD. Tukaangaliana. Nikamuuliza CD inachezwa kwenye nini, akasema yeye mwenyewe hajawahi kuisikiliza, tangu amefika deki ya shule ni mbovu.

Nikamuuliza anaanza na herufi zipi. Akaniambia ukweli: kitabu kinaanza A, B, C kwa hiyo anafuata kitabu, ila chuoni alifundishwa kuanza na sauti na angependa afanye hivyo, tatizo watoto wengi na wazazi wanataka kuona daftari limejaa. Namba yake nimechukua.

Uamuzi wangu: seti nitailipa kwa sababu bila risiti hawampokei, hilo sina ubishi nalo. Hela nyingine sinunui kitu cha kutoka Dar kwanza. Tumeanza kadi za maboksi. Irabu zimekaa, m na k zimekaa, t bado anaigeuza kuwa f akiiona haraka. Jana alisoma "mkate" kwa kukisia kwa sababu alikuwa na njaa. Bibi, nikamwandikia "mukito", akanuna, akasema hakuna kitu kama hicho. Lakini aliisoma.

BiMkubwaNachingwea
Hapo hapo. Akikuambia "hakuna kitu kama hicho" ujue ameisoma.

Fundi_wa_Mikindani
Basi Kiingereza aanze lini? Toa alama, mwalimu, tusije tukazunguka.

TichaChikongola
Sitoi tarehe, natoa dalili. Akisoma sentensi ya Kiswahili ambayo hajawahi kuiona, hata polepole, na akakuambia ilikuwa inasema nini, fungua mlango wa Kiingereza. Hapo chukua programu yenye mpangilio, hiyo Jolly au nyingine inayoeleza wazi sauti ipi baada ya ipi, na lazima uwe na sauti zilizorekodiwa za kusikiliza, usitegemee mdomo wako. Anzia sauti ambazo lugha zote mbili zinafanana, m, s, p, n, t, atakuwa anazo tayari kutoka Kiswahili na utaokoa muda mwingi. Irabu ndizo za kufundisha upya, na umwambie wazi: hii ni a ya Kiingereza. Watoto wanaelewa hilo haraka kuliko sisi, kama wanavyojua bibi anasalimiwa kwa lugha gani.

Mama_wa_Pili_Mtama
Samahani naingilia. Wangu ana miaka 8, darasa la pili, shule ya serikali huku Mtama, bado hajui kusoma kabisa. Kila mtu anasema atajua tu mbele ya safari. Naye nianze na irabu? Wenzake watamcheka.

TichaChikongola
Mama, usisubiri mbele ya safari. Kwanza kabla ya kadi yoyote, macho na masikio. Mpeleke hospitali apimwe vyote viwili, maana kuna watoto wanapigwa mwaka mzima kwa uvivu kumbe ubao hauonekani. Kisha ndiyo, anza na irabu, lakini fanyia nyumbani, mlango umefungwa, bila wadogo zake. Usimpe chati ya watoto wa awali. Tumia vitu vya saizi yake, majina ya wachezaji, majina ya magari yanayopita hapo barabarani, majina ya marafiki zake.

Leo usiku mwandikie kwenye karatasi herufi hizi, bila mpangilio: o, k, e, s, u, m, t, a, l, i, b, n. Muulize kila moja inaliaje, si jina lake. Usimsaidie, usimsahihishe, weka alama tu. Halafu mwandikie silabi ko, su, me, bi, ta. Uniletee hapa alizokosa na alizojibu nini alipokosa, hasa hilo la pili, ndilo litakalotuambia tuanzie wapi.

Mama_wa_Pili_Mtama
Sawa mwalimu. Yuko mpirani, akirudi akila namfanyisha.